Wasioacha Kizazi

Kila mara mfupa wa sokwe wa kale unapofukuliwa, swali la kwanza ambalo watu huuliza ni moja: Je, huyu ni babu yetu? Waandishi wa magazeti huliuliza, wanafunzi huliuliza, na wataalamu wenyewe, ingawa hujifanya hawana haja nalo, hulala nalo na kuamka nalo. Jibu likiwa ndiyo, mfupa hupewa ukurasa wa mbele. Jibu likiwa hapana, hurudishwa kabatini. Mimi si mtaalamu wa mifupa. Nilikuwa mwalimu wa historia, na mambo haya nimeyasoma kwa kuyapenda tu. Lakini kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuona kwamba swali hilo lina kasoro, na kasoro yake haiko katika elimu peke yake. Tunayo majumbani mwetu pia.

Tuanze na jina. Mwaka 1933 mtaalamu wa Uingereza, Arthur Hopwood, alikipa jina kisukuku cha sokwe kilichotoka Koru, magharibi mwa Kenya. Alimwita Proconsul. Consul lilikuwa jina la sokwe aliyekuwa akichezeshwa mbele ya watu huko Uingereza, na kwa hiyo Proconsul maana yake ni aliyemtangulia Consul. Ni utani, lakini ndani ya utani huo mna dai zito: kwamba kiumbe huyu ndiye babu wa sokwe wa leo. Mwaka 1948 Mary Leakey akapata fuvu katika kisiwa cha Rusinga, ndani ya Ziwa Viktoria, likiwa na sehemu kubwa ya uso wake. Umri wake ni kama miaka milioni 18. Watu wakasisimka, na swali lile likaulizwa tena kwa sauti kubwa zaidi.

Leo mabaki ya Rusinga yametengwa na yale ya Koru. Tangu mwaka 2015 yanaitwa Ekembo, na mmojawapo, Ekembo heseloni, amebeba jina la Heselon Mukiri, Mkenya aliyefukua mifupa pamoja na Louis Leakey kwa miaka mingi. (Jina hilo la pili alipewa mwaka 1993. Ni haki iliyochelewa, lakini ilifika.) Na kuhusu ubabu, wengi wamerudi nyuma. Ekembo hakuwa na mkia, kama walivyo sokwe wote, lakini alitembea juu ya matawi kwa miguu minne, viganja vikiwa chini, kama tumbili. Wengi sasa humweka pembeni mwa shina, tawi lililochipua mapema kisha likakauka.

Kisa cha Ramapithecus kinauma zaidi. Kipande cha taya ya juu kiliokotwa India mwaka 1932. Miaka ya 1960 wataalamu wakubwa, Elwyn Simons na baadaye David Pilbeam, walikitazama wakaona meno yanayofanana na yetu, wakatangaza kwamba hapa ndipo ukoo wa binadamu ulipoanzia, zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita. Vitabu vya shule vikachora picha yake akitembea wima. Akitembea, ndugu msomaji, ilhali hakuna aliyekuwa ameuona mguu wake! Mwaka 1967 Vincent Sarich na Allan Wilson walilinganisha protini za damu za binadamu na za sokwe, wakasema tuliachana miaka kama milioni 5 tu iliyopita. Walidharauliwa. Kisha ukapatikana uso wa ndugu yake Ramapithecus huko Pakistani, ukatangazwa mwaka 1982, nao ulikuwa uso wa jamii ya orangutani wa Asia. Pilbeam, kwa sifa yake, alikubali hadharani kwamba mambo yamegeuka. Na Ramapithecus mwenyewe je? Mtu akiuliza leo, wengi hawajui hata alikuwa nani. Aliheshimiwa alipodhaniwa kuwa babu. Ilipoonekana kuwa ni binamu, alitoweka vitabuni kama mgeni aliyekosea nyumba.

Hapo ndipo ninapomkumbuka shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Hakujaaliwa mtoto. Aliolewa, akarudishwa, akaishi katika boma la babu mpaka uzeeni, upande wetu wa Mwanza. Alilea watoto kumi na mmoja wa watu wengine, na mimi ni mmoja wao. Alijua kila mpaka wa shamba, kila deni la ng'ombe, na nani alizikwa wapi. Alipokufa, walioanza kulia ni sisi tusio wake. Miaka michache baadaye ukoo wetu ulichapisha kijitabu cha nasaba, kazi nzuri, yenye mistari na miduara iliyochorwa kwa rula. Shangazi hamo. Nilipomuuliza katibu wa ukoo alinijibu bila ubaya wowote: "Mwalimu, mstari wake ungeenda wapi? Hakuacha mtu."

Nimelitafakari jibu hilo kwa miaka. Katibu hakusema uongo. Kitabu cha nasaba hufuata wanaozaa, kama mto unavyofuata bonde. Urithi wa ardhi unakihitaji, na mahari pia, maana lazima ijulikane nani asimwoe nani. Silidharau swali la babu. Ninachokataa ni kulifanya kuwa mizani ya thamani: kwamba aliyezaa ndiye aliyekuwepo, na asiyezaa alikuwa anapita tu.

Na jambo la ajabu ni kwamba sayansi yenyewe, ikifanywa kwa uangalifu, haikubaliani na katibu wetu. Fikiri: katika viumbe wote waliowahi kuishi, waliogeuka mawe ni wachache mno, na kati ya hao wachache, uwezekano kwamba uliyemwokota ndiye hasa babu na si mmojawapo wa ndugu zake wengi ni mdogo sana. Hata angekuwa ndiye, hakuna alama mfupani ya kuthibitisha. Kwa hiyo wataalamu makini wameacha kuuliza nani alimzaa nani. Huuliza nani ni ndugu wa karibu wa nani, na kwa kuwalinganisha ndugu hukisia babu alikuwaje.

Nitalieleza kwa familia yangu. Babu alikufa kabla sijazaliwa, wala hakuacha picha. Baba alikuwa na mwanya katika meno ya mbele. Kama ningekuwa na baba peke yake, nisingejua kama mwanya ule ni wake mwenyewe au aliurithi. Lakini shangazi naye alikuwa nao. Basi huenda ulitoka juu, kwa babu au kwa bibi. Na binamu wa babu, niliyemwona nikiwa mdogo, alikuwa nao vilevile. Hapo nikaanza kuuona uso wa babu. Nani aliyenipa uso huo? Watu wa pembeni. Mstari ulionyooka kutoka kwa babu hadi kwangu, ule uliomo kitabuni, usingeweza kunipa hata jino moja.

Ndivyo ilivyokuwa kwa fuvu la Napudet, magharibi mwa Ziwa Turkana. Mwaka 2014 John Ekusi, Mkenya mwenye jicho kali, aliliona likiwa limejitokeza ardhini, dogo kama limau. Kundi lililoongozwa na Isaiah Nengo, Mkenya mwingine, aliyefariki mwaka 2022, lilipeleka fuvu hilo Grenoble, Ufaransa, kupigwa eksirei zenye nguvu kubwa. Ndani ya taya walikuta meno ya utu uzima ambayo hayajaota, yenye mistari midogo ya ukuaji ambayo huongezeka siku baada ya siku, kama mtu anayeweka alama ukutani. Wakahesabu. Alikuwa mtoto wa mwaka mmoja na miezi kama minne, aliyekufa miaka milioni 13 iliyopita na kufunikwa na majivu ya volkano. Pua yake fupi ilimfananisha na giboni, yule sokwe mdogo wa Asia arukaye kwa mikono. Lakini vijitundu vya sikio la ndani, vile vya kuhifadhi mizani ya mwili, vilionyesha kwamba hakuwa mrukaji wa namna hiyo, alikwenda kwa utulivu zaidi. Na mfereji wa mfupa wa sikio lake ulithibitisha kwamba aina yake, ambayo ilikuwa na ubishi, ni ya jamii ya sokwe kweli.

Walimwita Nyanzapithecus alesi. Kwa Kiturkana, ales ni mhenga, babu wa kale. Nia yao ilikuwa njema. Walimaanisha kwamba aina yake iko karibu na pale sokwe wote wa leo, na sisi pamoja nao, tulipoanzia. Lakini tazama alivyo: ni mtoto mchanga. Kama kuna kiumbe tunayeweza kuapa kwamba hakuwa babu wa mtu yeyote, ni huyu. Hakufika hata umri wa kuota gego la pili. Na bado yeye ndiye aliyetuonyesha uso wa wahenga wa enzi zile kuliko mwingine yeyote wa umri wake katika Afrika.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa baiolojia, aliniambia ninachanganya mambo. Mfupa si shangazi, alisema. Mfupa hauoni aibu ukiachwa kabatini. Ni kweli. Ramapithecus hakudhurika kwa kusahauliwa. Lakini jicho linalotazama kabati na jicho linalotazama baraza ni lilelile. Aliyezoea kuuliza kila kitu kimezaa nini atamuuliza hivyo hivyo mwanamke aliyekaa peke yake kwenye mkeka, na huyo husikia. Shangazi alisikia. Kila msiba, wanawake walipohesabiwa kwa majina ya watoto wao, mama fulani na mama fulani, yeye alijishughulisha na moto.

Mwaka 2013 ilitangazwa taya ya sokwe kutoka bonde la Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania, ya miaka kama milioni 25, naye akaitwa Rukwapithecus. Ni miongoni mwa sokwe wakongwe kabisa wanaojulikana. Niliwasimulia vijana wa mtaani kwetu. Ni kipande cha taya ya chini chenye meno machache, nikawaambia. Kijana mmoja akauliza kama ndiye babu. Nikamwambia anaweza kuwa ami. Akasema, "Basi wa nini?" Tukakaa mpaka magharibi.

Kijitabu cha ukoo sasa kinataka kuchapwa upya. Nimempelekea katibu jina la shangazi, pamoja na majina ya watoto kumi na mmoja aliowalea, sita kati yao wakiwa si wa ukoo wetu kabisa. Amenijibu kwa adabu, akiniuliza mstari wao uanzie wapi. Bado tunaandikiana.