Ujira wa Mlembe

Hapa Masieda majirani zetu Wahadzabe wa bonde la Yaeda wana mwenzi wa kazi asiye mtu, naye ni ndege aitwaye mlembe. Mwindaji hupiga mluzi. Ndege huitika, huruka mti hata mti, hata wafike penye nyuki. Mtu hufukiza moshi na kutwaa asali. Ndege hutazamia nta na majana. Uchunguzi wa mwaka 2014 ulionyesha ya kuwa kwa msaada huo Wahadzabe hupata nyuki upesi zaidi ya mara tano. Tena mwaka 2023 wataalamu walitangaza ya kwamba walembe wa vilima vya Kidero huitika mluzi wa Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko wito wa Wayao wa Msumbiji. Yaani ndege hujifunza lugha ya watu akaao nao!

Lakini uchunguzi ule wa kwanza ulitaja neno lingine: mara nyingi Wahadzabe huficha au huchoma masega yaliyosalia, ili ndege, akiwa na njaa, aongoze tena. Asomaye Torati humkumbuka mara moja ng'ombe apuraye nafaka (Kum. 25:4). Je, si dhuluma?

Wako wajibuo kwamba mlembe hastahili huruma. Hutaga katika viota vya ndege wengine, kama keremkerem, na kinda lake, lingali kipofu, huwauma makinda wa mwenye kiota kwa ndoana za mdomo hata wafe. Naye Charles Darwin aliandika mwaka 1859 ya kuwa hakuna kiumbe kilichopata umbo lake kwa faida ya kiumbe kingine tu. Basi mlembe hutumikia tumbo lake.

Hayo twayakubali, wala hatuoni kwamba yafuta deni. Kinda halikupewa amri, sisi tumepewa. Hata ng'ombe yule hakuulizwa tabia yake. Walakini tusiwahukumu Wahadzabe, maana ndege hajakoma kuwajia. Twaogopa zaidi shoka letu sisi wakulima na wafugaji: penye mibuyu iliyokatwa nyuki hukosa makao, na mlembe hana tena pa kumwongoza mtu. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipewa hati ya kimila ya ardhi yao. Yatupasa kuuliza, kila mtu katika mtaa wake, ni nani avukaye mpaka ule na mifugo yake, na kama jina lake limo katika daftari ya washarika wetu.