Mali Bila Daftari

Wahenga waliponena kwamba mali bila daftari huisha bila habari, aghalabu twadhani waliwakusudia wafanyabiashara na vitabu vyao vya deni. Na maana hiyo haimpigi chenga mkulima wa Newala au Masasi, ambaye msimu wa korosho ukifika huitunza stakabadhi ya ghala sawasawa na hati ya shamba lake. Lakini methali hii yataka tafakuri zaidi. Haikusema kwamba mali yenye daftari haiishi, kwani kila mali huisha, iliyoandikwa na isiyoandikwa. Inacholaumu ni ule mwisho usio na habari, mtu kupitiwa na neema iliyokuwa mikononi mwake asijue ilikuja lini wala ilimfaa nini. Daftari halizuii mali kutoka. Humjulisha mwenyewe thamani yake ingali naye.

Na katika mali zote, siku za nyumbani ndizo zitokazo bila hesabu. Yuko Newala bibi ambaye utotoni alifuatana na mamaye kushuka genge kuteka maji bondeni, kabla ya mabomba ya mradi wa maji wa Makonde ulioanza miaka ya 1950, na leo wajukuu hufungua bomba pasipo kumwuliza lolote. Kwa kuwa Wamakonde, Wamakua na Wayao hufuata ukoo kwa mama, bibi huyo ndiye ajuaye nani alizaliwa na nani, jina la mtoto lilitoka kwa marehemu yupi, na mkorosho wa mpakani ulipandwa na mjomba gani. Uzito wa gunia umeandikwa. Maneno yake hayakuandikwa.

Padri Kolumba Msigala wa Masasi aliandika kumbukumbu za maisha yake, na watafiti wa historia ya huko huzirejea. Shaaban Robert naye, pamoja na utukufu wa mashairi yake, alimwandikia nduguye Yusuf Ulenge barua tangu 1931 hata 1958, ambazo baadaye zilikusanywa kuwa kitabu. Waliona kwamba shughuli za jamaa zastahili wino, na naamini aandikaye hivyo ndiye hufaidi kwanza, maana jioni aliyoidhania tupu, akiiandika, huikuta ina mgonjwa aliyepata nafuu na ugomvi uliosuluhishwa kabla ya chakula.

Hata hivyo si kila jambo huandikwa. Ya jando na unyago yana sitara yake, na aibu ya ndugu si haki ya kalamu.

Basi, msomaji, ikiwa bibi yako angali hai, mwendee kabla msimu wa korosho haujawatawanya watu mashambani. Mwombe akusimulie safari za maji, na uandike kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na tarehe na jina la kijiji.