Usiseme Tu "Ni Uzee"

Kabla ya kuendelea, fungua Luka 13:10-17, usome polepole.

Mwaka jana mama yangu alitoka ushago kuja kukaa nasi hapa Uthiru. Nilimpokea steji ya 87. Tulipokumbatiana, kidevu changu kiligusa kitambaa chake cha kichwa. Nilishtuka, maana nilipomaliza shule tulikuwa tunatazamana macho kwa macho. Nikamtania, "Mama, umekuwa mfupi!" Akacheka. "Ni uzee, mwanangu." Nami nikaitikia, "Kweli, ni uzee." Tukabeba mizigo tukaenda.

Je, ilikuwa kweli? Kwa sehemu, ndiyo. Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili za mifupa, na kati ya pingili kuna diski laini zenye maji. Ukilala usiku diski hunyonya maji, ndiyo maana asubuhi unaamka mrefu kidogo kuliko ulivyokuwa jioni. Miaka ikisonga diski hukauka na kuwa nyembamba, na misuli ya mgongo hulegea. Utafiti wa Baltimore, Marekani, uliofuatilia watu walewale kwa miaka mingi, ulionyesha kwamba kati ya miaka 30 na 70 mwanamume hupungua kama sentimita 3 kwa wastani, na mwanamke kama 5. Mwanamke huzidi kwa sababu hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni iliyokuwa ikilinda mifupa hushuka. Mfupa hubaki na matundu ndani, kama mbao iliyoingiwa na mchwa.

Hiyo ni njia ya kila mwili. Mhubiri sura ya 12 inasema wazi kwamba hata wenye nguvu watainama. Kwa hivyo mtu asimwambie mzee ati mgongo umepinda kwa kukosa imani.

Lakini hadithi yangu haikuishia hapo. Miezi mitano kabla ya kuja kwetu, mama alikuwa ameinua mtungi wa maji wa lita 20, akasikia kitu kimelia mgongoni. Alilala siku tatu. Aliponipigia simu nilimwambia anunue dawa ya kuchua, nikamtumia pesa kidogo kwa M-Pesa, nikamwombea, nikarudi kwa shughuli zangu. Alipofika hapa akashindwa kufikia sufuria kwenye rafu, nikadhani anadeka. Mke wangu ndiye aliyesema, "Huyu mama anaumwa." Eksirei ikaonyesha pingili moja imevunjika na kubonyea. Daktari akauliza ameumwa kwa muda gani. Nilijibu nikiangalia sakafu.

Daktari alitueleza kwamba mfupa ulioisha nguvu unaweza kuvunjika kwa kuinua kitu tu, wakati mwingine hata kwa kukohoa. Ukivunjika mmoja, ni rahisi wa pili kufuata. Na kumbe dawa za kuimarisha mifupa zipo.

Sasa swali linalonisumbua: nilimdanganya mama? Hapana, nilisema ukweli. Lakini niliutumia ukweli huo kufunga mlango. "Ni uzee" ilimaanisha hakuna la kufanya, na kama hakuna la kufanya, basi mimi sina deni.

Utasema, si mama mwenyewe ndiye aliyesema kwanza? Ndiyo. Lakini kumbuka ni mama yuleyule aliyekuwa akituambia "nimeshiba" ili sisi tule. Ukiamini kila neno la mzazi asiyetaka kukusumbua, utamwacha aumie kimya kimya.

Yule mwanamke wa Luka alikuwa amepinda miaka 18. Hatusomi popote kwamba aliomba chochote. Nadhani watu wa sinagogi walikuwa wamezoea mgongo wake. Yesu alimwona, akamwita. Mkuu wa sinagogi alipokasirika, Yesu alimkumbusha kwamba hata Sabato wao humfungua ng'ombe akanywe maji. Na sisi je? Gari likilia kidogo tunakimbia kwa fundi. Mgongo wa mama ulilia miezi mitano.

Wapendwa, maombi na hospitali havigombani. Tunamwombea mama hadi leo, lakini sasa tunaomba tukiwa tumetoka naye kliniki. Hata Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo yafaayo kutoka kwa familia na Serikali. Familia imetajwa, tusisingizie Serikali peke yake.

Mama hakurudi kimo chake cha zamani, na daktari hakutuahidi hivyo. Maumivu yamepungua, na sufuria zimeshushwa rafu ya chini.

Wiki hii fanya jambo moja. Msimamishe mzazi wako ukutani, utie alama, kama yeye alivyokupima ulipokuwa mtoto. Muulize alikuwa na urefu gani ujanani. Ikiwa amepungua sentimita 4 au zaidi, au mgongo ulimshika ghafla, mpeleke apigwe picha. Akikwambia "ni uzee," mwambie, "Sawa Mama, lakini twende tukaangaliwe."