Hukumu ya Huruma: Kicheko na Haki katika Filamu ya Who Killed Captain Alex?

Kuna hukumu ambayo mhakiki huitoa akidhani ametenda wema, kumbe amedharau. Ni ile ya kusema kwamba kazi fulani ni nzuri kwa kuzingatia umaskini wa aliyeitunga. Makala haya yanaichunguza hukumu hiyo kwa kurejelea filamu ya Who Killed Captain Alex?, iliyotengenezwa na Nabwana I.G.G. katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, na kutolewa mwaka 2010. Swali letu ni la kimaadili kabla ya kuwa la kifani: je, kumhurumia msanii ni kumtendea haki?

Mazingira ya utunzi wake yanajulikana mno, pengine kuliko filamu yenyewe. Nabwana alikuwa mfyatua matofali. Kompyuta alijiundia kwa vipuri vikuukuu, bunduki zilitokana na mbao na vyuma chakavu, na gharama yote, inasemekana, haikufikia dola 200 za Marekani. Watazamaji wa ng'ambo, walioipata filamu nzima katika YouTube mwaka 2015, hawachoki kuyataja haya. Tena hucheka. Wanacheka nini? Hobbes alishikilia kwamba kicheko ni fahari ya ghafla ya mtu anayejiona bora kuliko mwenzake. Kwa anayeicheka helikopta iliyobandikwa angani mithili ya picha iliyokatwa gazetini, maelezo hayo yanatosha. Huyo hakuucheka mzaha wa Nabwana. Ameucheka mfuko wake.

Tuuweke mfuko kando. Bruce U, mtawa wa Shaolin wa Kiganda anayemsaka muuaji wa nduguye, anapigana kwelikweli. Mateke yake yana nidhamu ya mtu aliyefanya mazoezi kwa miaka, na ni nidhamu hiyo inayoubeba ucheshi. Futuhi za kung fu za Hong Kong, kwa mfano Drunken Master ya 1978, zilikwisha kutufunza kwamba asiyejua kupigana hawezi kuufanyia mzaha ugomvi. Hapa Nabwana hahitaji msamaha wa yeyote.

Hata hivyo, nguvu kuu ya filamu haimo katika mateke bali katika sauti ya VJ Emmie, anayesimulia, anayetania na kushangilia tangu mwanzo hadi mwisho. Mhakiki wa fasihi simulizi hapa yuko nyumbani kwake. Tanzania ilikuwa na Lufufu, Kenya ina DJ Afro, na vibanda vya video vya Uganda vina mafanani wao wengi wa aina hii, ambao kwao filamu ni malighafi ya utendaji. Nabwana mwenyewe, utotoni, alisimuliwa filamu na kaka zake kabla ya kuzitazama. Isitoshe, nakala isiyo na sauti ya VJ haipo tena, kwa kuwa mwelekezi aliifuta ili apate nafasi ya kuhifadhi kazi nyingine. Sauti hiyo, basi, si pambo lililoongezwa juu ya matini. Ni sehemu ya matini. Nayo hutenda jambo la werevu: huikejeli filamu kabla mtazamaji hajawahi kuikejeli. Yule mcheshi wa Hobbes anafika na fahari yake akakuta mzaha umekwisha kufanywa, tena na wenyewe.

Udhaifu nao tuutaje bila kupapasa. Baada ya kifo cha Kapteni Alex, msuko unasambaratika, na swali lililo katika anwani halijibiwi kamwe. Wapo wanaolitetea jambo hili kuwa ni kinaya cha makusudi. Sikubaliani nao. Fumbo linaloninyima jibu lazima angalau liendelee kuniuliza, ilhali hapa swali limesahauliwa na wahusika wenyewe. Mwanamke, kwa upande wake, ni chambo au ni mke wa jambazi, basi. Makosa haya hayatokani na uhaba wa pesa. Msuko hauna bei. Anayeyasamehe pamoja na helikopta amekwisha kuamua kwamba maskini hawezi kudaiwa fikra.

Linalonitatiza zaidi ni tukio la Kampala kupigwa mabomu. Aristotle aliona kwamba la kuchekesha ni kasoro isiyoleta maumivu. Tangazo la filamu lilikuwa limeonekana tangu Januari 2010; tarehe 11 Julai mwaka huohuo, mabomu halisi yaliua watu zaidi ya 70 jijini humo waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Mtunzi hana hatia ya jambo ambalo halikuwa limetokea. Aidha, yafaa kudai kwamba bunduki ya mbao inayoonekana kuwa ya mbao huivua bunduki ya chuma utukufu wake, na kwa kizazi kilicholelewa chini ya Amin na vita vilivyofuata, hilo si jambo dogo. Nusu ya hoja hii naikubali.

Nilipoionyesha filamu katika semina ya uzamili, darasa zima liliangua kicheko majengo yalipolipuka, isipokuwa mwanafunzi mmoja aliyelelewa Kampala. Nilidhani ameudhika. La, akasema, alikuwa ameicheka filamu kuliko wenzake wote. Ila hapo alikuwa akingoja VJ anyamaze kidogo. Tuliirudisha kanda nyuma tukasikiliza tena. Hakunyamaza.