Sauti Nzito na Haki ya Kila Kiti

Wema wa kitu waweza kupimwa kwa njia mbili: kwa ukamilifu wake mahali kinapong'ara, au kwa upungufu wake mahali kinapofifia. Aghalabu watu hutumia kipimo cha kwanza, maana kilele huonekana kwa mbali na bonde hufichika. Ni kipimo kipi kilicho cha haki? Mfano wa swali hili hupatikana katika jambo dogo la nyumbani: sauti nzito ya muziki, iitwayo besi, na chombo kinachoitoa, yaani sabufa.

Wengi hudhani kuwa besi mbaya ni kosa la sabufa, kumbe mara nyingi kosa ni la chumba. Sauti husafiri hewani kiasi cha mita 343 kwa sekunde. Sauti yenye mitetemo 34 kwa sekunde ina wimbi la urefu wa mita 10 hivi, na chumba cha mita 5 ni nusu ya wimbi hilo. Wimbi hupiga ukuta likarudi, likakutana na lijalo, na yote mawili yakawa kama yaliyosimama. Penye kuta za miisho besi hiyo huvuma kupita kiasi. Katikati ya chumba hufifia hata karibu kutoweka. Hivyo watu wawili waliotengana kwa hatua tatu tu husikiliza wimbo mmoja wakapata nyimbo mbili.

Dawa ya kwanza ni kuweka maikrofoni penye kiti cha mwenye nyumba, na kupandisha au kushusha sauti kwa mitambo mpaka kiti kile kiridhike. Lakini kinachoongezwa kwa ajili ya kiti kimoja huongezwa kwa vyote. Aliyeketi katikati akiongezewa anachokosa, aliyeketi ukutani hutiwa uziwi kwa kilichokwisha kumzidi.

Dawa ya pili ni kuongeza sabufa na kuzitawanya. Mwaka 2002, katika mkutano wa Chama cha Wahandisi wa Sauti mjini Munich, Todd Welti wa kampuni ya Harman ya Marekani alieleza uchunguzi wake kuhusu idadi ya sabufa itoshayo katika chumba cha pembe nne. Mbili zilizowekwa katikati ya kuta zinazotazamana hufaa sana. Nne, katikati ya kuta zote au katika pembe, hufaa pia. Zaidi ya nne faida yake ni ndogo. Sababu yafahamika. Wimbi tulilolitaja hutaka mwisho mmoja wa chumba ujae wakati mwingine unapopungua. Sabufa mbili zinazosukuma hewa pamoja toka miisho yote miwili hulinyima wimbi hilo mlezi.

Yamkini msomaji atapinga kuwa usawa huu una gharama. Ni kweli. Sehemu ya nguvu hupotea katika kuzuiana huko, na sabufa nne zilizo katikati ya kuta hutoa besi ya chini kabisa kwa uhafifu kuliko zikiwa pembeni. Tena, anayeishi peke yake hamdhulumu mtu akitengeneza kiti kimoja, kwa kuwa kiti chake ndicho jamii yote ya chumba kile. Lakini penye wengi hesabu hubadilika. Viti vikishakaribiana katika hali zao, marekebisho yanayofaa kimoja hufaa vyote. Hapa pana fundisho lipitalo muziki: sheria moja ikiwekwa juu ya hali zilizoachana humponya huyu ikamjeruhi yule, hali zikikaribiana kwanza, sheria ile ile huwa rehema kwa wote.

Walakini hesabu yetu haijakamilika. Sauti nyembamba huzuiwa na ukuta kwa wepesi. Sauti nzito hupenya. Jirani hapati wimbo wala maneno yake, ila kishindo usiku wa manane. Yeye hana kiti katika chumba, wala maikrofoni haikuwekwa kitandani pake. Sabufa nne zilizowapatanisha waliomo ndani zaweza kumwongezea taabu aliye nje, na hakuna mpango wa sabufa uwezao kumtendea haki isipokuwa mkono ulio tayari kupunguza sauti.

Basi kipimo cha pili ndicho cha haki, kwa sharti kwamba kisikome mlangoni. Usawa baina ya walioalikwa ni jambo jema, lakini haujawa haki mpaka asiyealikwa naye amehesabiwa. Anayetaka kujua ubora wa besi yake asiulize kiti chake tu. Aulize kiti kibaya kuliko vyote chumbani, kisha aulize upande wa pili wa ukuta.