Mchagua Jembe Kwenye Uwanja wa Gofu

Babu yangu alikuwa akichonga mipini ya majembe. Kabla ya kuutia mpini kwenye jembe alifumba jicho moja, akautazama kwa urefu wake kama mtu anayelenga bunduki, akauzungusha kidogo kidogo mpaka aridhike. Nikiwa mtoto nilidhani ni madoido tu ya wazee. Siku nilipopewa jembe lenye mpini uliopinda, haikufika saa moja viganja vikatoka malengelenge. Nikamwelewa.

Nimemkumbuka mwaka huu kwa jambo ambalo nikilisimulia kijijini watanicheka: nililipa dola 40 ili mpini wa fimbo moja ya gofu uzungushwe.

Ndiyo, uzungushwe. Ngoja nieleze, maana najua wengi wenu humu mnajua riwaya kuliko gofu. Mpini wa fimbo ya gofu ni ule mrija mwembamba kati ya kishikio na kichwa. Ule wa kaboni hutengenezwa kwa kuviringisha matabaka ya nyuzi za kaboni yaliyoloweshwa gundi, kisha huokwa. Ile ya chuma, mingi huanza kama bati lililokunjwa na kuchomelewa. Kwa vyovyote kuna mshono mahali fulani. Kwa hiyo mpini unaweza kuonekana mviringo kabisa, kumbe upande mmoja ni mgumu kidogo kuliko mwingine. Ubane kwenye jiliwa upande wa kishikio, tia uzito kwenye ncha, uutikise. Ukiwa umeelekea upande fulani, ncha huenda na kurudi kwenye mstari mmoja. Ugeuze kidogo, ncha inaanza kuyumba kama mlevi. Fundi anatafuta ule uelekeo uliotulia, kisha anaugundisha mpini kichwani ukiwa hivyo hivyo. Basi, hiyo ndiyo huduma niliyolipia.

Je, inafaa kuilipia?

Mimi na mwenzangu wa kazini tulinunua seti mbili zinazofanana, siku moja. Fimbo yangu namba 7 ikaenda Marekani ndani ya begi la binamu yangu, ikarudi imepimwa na kupangwa. Wiki mbili za kwanza nilipiga vizuri ajabu. Nikaisifia ile mashine kwa kila aliyekaa kunisikiliza. Ndipo kedi ninayetembea naye, mtu aliyenizidi miaka kama kumi, akaniambia, "Mdogo wangu, hebu tujaribu."

Alichukua fimbo yangu na ya mwenzangu, akazifunga utepe mweusi kwenye alama zote, akawa ananipa moja moja bila mpangilio. Kazi yangu ilikuwa kusema ipi ni ipi. Tulipiga mipira 30. Nilipatia mara 16. Ningekuwa narusha sarafu, ningetegemea kupatia kama 15.

"Kwa hiyo kaka, nimeibiwa?"

"Sijasema hivyo. Nasema mkono wako haujafika huko."

Nilitamani kumkasirikia fundi, lakini fundi hakudanganya. Mshono upo, na mashine inaupima kweli. Tatizo ni kwamba ukweli wa kipimo si lazima uwe ukweli wa manufaa. Kichwa cha fimbo hugusana na mpira kwa muda wa karibu nusu ya elfu moja ya sekunde. Mtu wa handikapu 24 kama mimi, ambaye mpira huu naupiga kwa ncha ya kichwa na unaofuata kwa kisigino chake, kosa dogo la mpini linazama ndani ya makosa yangu mwenyewe. Mchezaji wa kulipwa ni habari nyingine. Ameshapunguza makosa yake kiasi kwamba kosa la chombo linaweza kuonekana, na mkwaju mmoja kwake ni ugali wa watoto. Yeye akilipa, simcheki.

Sheria za vifaa za R&A na USGA zina jambo lililonigusa. Zinataka mpini upinde sawasawa hata ukiuzungusha vipi. Kupanga mpini kunaruhusiwa ili ufanye kazi kana kwamba hauna kasoro. Kuupanga ili urekebishe upigaji mbaya wa mchezaji, hapana. Yaani unaweza kuondoa kosa la fimbo. Kosa lako unabaki nalo.

Lakini kuna hoja moja iliyonisumbua. Zile wiki mbili nzuri zilikuwa za kweli. Mipira ilikwenda. Kama imani ndiyo iliyonitulizia mabega, kwani dola 40 ni nyingi kwa utulivu? Watu hulipia zaidi ya hapo kwa utulivu mdogo zaidi. Sisi waandishi tunabadilisha kompyuta, daftari na hata mgahawa tukiamini sura ya tatu itakuja yenyewe, na mara nyingine inakuja kweli.

Karibu nikubaliane na hoja hiyo, mpaka nilipokumbuka nini kingine kilitokea wiki zile. Kila asubuhi kaka yule alikuwa akinisogeza mguu wa kushoto, akinishusha bega, akiniambia nipunguze papara. Yeye ndiye aliyekuwa akinipanga. Nami nilisimama mbele yake, begi langu likiwa mgongoni mwake, nikiwaeleza watu maajabu ya mashine. Na kuna hili, ambalo naona aibu kuliandika: zile dola 40 nilizilipa bila kuomba hata senti ipunguzwe, ilhali ujira wake nilimwomba asubiri mwisho wa mwezi.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Babu alichagua, na alikuwa mkulima. Ila yeye alikuwa amelima miaka mingi, akijua kwa viganja vyake kasoro ya mpini inauma wapi. Hakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba ameona tofauti. Kwa hiyo jibu langu ni hili: lipia usahihi ambao mkono wako unaweza kuutambua, au ambao kazi yako inaudai. Kabla ya hapo, angalia kwanza kama hakuna mtu unayemdai subira huku ukilipa mashine taslimu.

Nilimlipa siku ileile ya majaribio, nikamwomba radhi. Alizihesabu, akazitia mfukoni.

"Haya," akasema, "mguu wa kushoto."