Tawakkuli na Pampu ya Maji

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyekiumba kila kitu kwa kipimo, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu zetu Waislamu, mara nyingi katika kurasa hizi twawanasihi wengine. Leo yatupasa tujinasihi wenyewe, kwa jambo lililotupata katika safari ya bara, ambalo tungependa kulificha lau kulificha kungekuwa halali.

Watu wawili katika darasa letu tulipanda kwenda nchi ya Wakisii, kuwazuru Waislamu wenzetu na kuwapelekea misahafu na vitabu vya kufundishia watoto. Asubuhi ya Ijumaa tulikuwa katika mji wa Kisii, na wenyeji wetu walikuwa wakitungoja Nyamira. Karibu na soko la Daraja Mbili tukakodi tuktuk, ile pikipiki ya magurudumu matatu ambayo kila mtu wa mwambao aijua. Mwendeshaji wake alikuwa kijana wa huko huko, Mkristo wa dhehebu la Wasabato, ambao ni wengi katika Kisii na Nyamira. Chombo hakikuwa chake, kilikuwa cha tajiri wake; kila jioni humpelekea hesabu, na kinachosalia ndicho chakula cha wanawe.

Njia ile ni ya vilima. Humalizi kimoja ila wakiona cha pili, migomba huku na mashamba ya chai kule. Hatujafika nusu ya safari, taa nyekundu ya joto ikawaka. Kijana akasimama kando ya njia, akazima injini, akainama akaipapasa rejeta kwa hadhari. Injini ilikuwa yawaka kama jiko, na chini ya rejeta palikuwa baridi. Akatuambia kwa adabu: "Wazee, maji yamo lakini hayazunguki. Pampu imekufa. Tukienda hivi tutaua injini. Ngojeni nimpigie fundi, ama niwatafutie tuktuk nyingine."

Yafaa msomaji aelewe maneno ya kijana huyu, kwani yalikuwa maneno ya ilimu. Tuktuk nyingi hupozwa kwa upepo, lakini nyingine, kama ile, hupozwa kwa maji. Maji hupita kandokando ya silinda yakachukua moto wake, yakaenda kwenye rejeta yakapoa, kisha yakarudi. Kinachoyasukuma ni pampu ndogo, isiyoonekana na abiria wala isiyosifiwa na mtu. Ikifa hiyo, maji husimama. Yaliyo karibu na silinda huchemka, na yaliyo katika rejeta hukaa baridi bila ya faida. Kuongeza maji mengine hakuponyi maradhi haya, kwa sababu upungufu si wa maji, ni wa mwendo wa maji. Tena nchi yenyewe ni ya juu: Kisii iko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko maji ya sufuria huchemka yafikapo digrii 94 hivi, si 100 kama kwetu pwani. Mfuniko wa rejeta huyazuia maji kuchemka upesi, lakini hauwezi kuyatembeza yaliyosimama.

Sasa tusikilizane ndugu zetu, sisi tulimjibuje? Ilikuwa yapata saa tano u nusu, nasi nyoyo zetu zilikuwa kwenye sala ya Ijumaa. Tukamwambia: "Kijana wetu, tia maji twende. Mtegemee Mungu, atatufikisha." Alipositasita tukamwongezea nauli. Alitutazama kanzu zetu na kofia zetu, na umri wetu. Akaona haya kuwakatalia wazee waliokwisha kulitaja jina la Mungu. Akangoja kidogo, akatia maji ya dumu, akawasha.

Kilima cha kwanza tulikipanda, tukasema Alhamdulillahi. Cha pili taa ikawaka tena, tukamwambia bado kidogo. Cha tatu injini ikalia mlio wa chuma juu ya chuma, ikakata, isiguruke tena. Fundi alipokuja na kuifungua alikuta pistoni imeshikana na silinda, gasketi imeungua, na kichwa cha injini kimepinda. Asubuhi ile kazi ilikuwa ni kubadili pampu. Kufikia adhuhuri ilikuwa ni kutengeneza injini nzima, na bei ya hii haikaribiani na bei ya ile.

Tukafika Nyamira kwa chombo kingine, watu wamekwisha kusali. Mwenyeji wetu, mtu mzima asiyekuwa na maneno mengi, alipotusikiliza alituuliza swali moja tu: "Mashekhe, nyinyi si wasafiri? Ni nani aliyewalazimisha Ijumaa?" Tukanyamaza. Kila mtoto wa madrasa ajua kwamba msafiri hakulazimishwa sala ya Ijumaa. Tungesali adhuhuri, tena kwa kupunguza, chini ya mgomba, huku injini ikipoa. Sheria ilikuwa imetupa nafasi, nasi tukaikataa, tukamlipisha mtu mwingine gharama ya kuikataa kwetu.

Kisha tukakumbuka jambo la pili lililotuuma zaidi. Ijumaa jua likichwa, kwake kijana yule Sabato imeingia, wala hafanyi kazi mpaka Jumamosi jioni. Siku ile ilikuwa ndiyo siku yake ya mwisho ya kuchuma katika juma. Sisi tuliomharakisha kwa ajili ya ibada yetu hatukumwuliza habari ya ibada yake, wala ya watoto wake; na yeye hakutukumbusha.

Ndugu zetu, kisa cha yule bedui na ngamia wake sote twakijua. Mtume (S.A.W.) alimfundisha amfunge kwanza, kisha ndipo amtegemee Mola wake. Twakihadithia kisa hiki katika mimbari, lakini siku ile aliyemfunga ngamia ni kijana asiyekuwa Muislamu, na waliomfungua ni sisi. Twawalaumu watu wanaotundika hirizi kwenye usukani wasiangalie breki, na kuwalaumu ni haki. Lakini neno letu, "Mtegemee Mungu," lilikuwa nini siku ile ila hirizi ya ulimi? Tulilitundika juu ya pampu iliyokufa, tukataka lifanye kazi ya pampu. Tawakkuli ni moyo kumwelekea Mungu baada ya mkono kufanya uwezalo. Atakayeitanguliza mbele ya sababu alizoziumba Mungu mwenyewe, huyo hamtegemei Mola wake, bali amjaribu.

Wala asiseme mtu kwamba mambo ya pampu ni ya dunia, hayahusu dini. Imamu Ghazali aliihesabu tiba na hesabu, na hata ufumaji na ukulima, katika faradhi za kutoshelezana, ambazo umma mzima hupata dhambi zikikosa wa kuzisimamia. Na Al-Jazari, fundi Muislamu aliyemaliza kitabu chake cha mitambo mwaka 1206, alieleza humo pampu ya silinda mbili ya kuvuta maji. Wazee wetu hawakuona aibu kuichungua pampu. Aibu ni kwa sisi tuliomsikia ajuaye tukampuuza kwa kuwa hakuvaa kilemba.

Huenda msomaji akasema: usukani ulikuwa mkononi mwa kijana, angekataa. Ndiyo, angeweza, lakini ni nani aliyemfungia mlango wa kukataa? Katika fiqhi, aliyeaminiwa mali halipi kilichoharibika bila ya uzembe wala kuvuka mpaka. Akivuka mpaka, hulipa. Hatuandiki fatwa hapa. Twasema tu kwamba nafsi zetu zilipotuuliza ni nani aliyeuvuka mpaka siku ile, hatukuweza kumtaja kijana peke yake. Yeye alishika usukani, nasi tulimshika yeye kwa umri, kwa nauli na kwa jina la Mungu.

Kwa hivyo tulimpa papo hapo tulichokuwa nacho, na tuliporejea darasa likachanga sehemu iliyosalia ya gharama ya fundi. Katika daftari ndugu mmoja aliandika "sadaka kwa kijana wa Kisii." Tulilifuta neno hilo tukaandika "deni." Sadaka humpandisha mwenye kutoa; deni humwondolea tu mzigo aliojitwika.

Basi enyi ndugu, mkiwa abiria na mwenye chombo akawaambia kimeharibika, shukeni. Injini ikichemka, izimwe, ingojwe ipoe. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe ungali wa moto, mvuke utamwunguza mtu uso, wala yasimwagwe maji baridi juu ya chuma chenye moto, kwani huenda kikapasuka. Na mkiwa ni watu wa kanzu na kilemba, jihadharini maradufu, kwa maana watu huona haya kuwakatalia, na haya ya watu ni amana mikononi mwenu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe haraka yetu, ampe kijana yule badali iliyo njema, na atujaalie tuwe ni watu wa kufunga ngamia kabla ya kuomba dua. Wabillahi taufiki.